Mtihani wa Akili Tuufanye kwa Kiswahili

Ndugu msomaji, katika jarida hili la chama chetu umezoea kusoma juu ya methali, mashairi na vitendawili. Leo nataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hudhani si letu kabisa, nalo ni yale maswali ya kupima fikra. Bila shaka unayajua. Ni yale yanayokwambia kwamba ikiwa KISIMA huandikwa LJTJNB, basi NGOMENI litaandikwaje? Au yale yanayodai kwamba A wote ni B, na baadhi ya B ni C, kisha yakuulize kama ni lazima baadhi ya A wawe C. Maoni yangu ni kwamba maswali haya yaingizwe katika mikutano ya Chama cha Kiswahili, tena yaulizwe kwa Kiswahili. Atakayenipinga na anipinge, lakini kwanza asome.

Hili si jambo la mchezo. Ndugu yangu mmoja, mtoto wa ami, alimaliza kidato cha nne na gredi nzuri tu. Ni kijana wa kufungua injini ya boti akaifunga tena bila ya skrubu hata moja kubaki mkononi. Mwaka jana aliitwa na kampuni moja hapa mjini. Walikuwa vijana wengi, wakapewa maswali 40 na dakika 30. Aliporudi nyumbani alisema, "Wallahi sikuulizwa hata swali moja la kazi. Nimeulizwa mambo ya wazimu." Hakuchukuliwa. Kilichoniuma si kukosa kwake, maana nafasi zilikuwa chache na lazima wengine wakose. Kilichoniuma ni kuwa alikuwa hajapata kuyaona maswali ya namna hiyo maishani mwake, na pembeni yake, kwa maneno yake mwenyewe, alikaa kijana aliyekuwa akiyajibu kama anayekula njugu. Huyo alikuwa ameyafanya mara nyingi katika masomo ya kulipia.

Basi je, hapo ilipimwa akili au mazoea?

Mtihani wa kwanza mashuhuri wa akili ulitengenezwa Ufaransa mwaka 1905 na Alfred Binet akishirikiana na Théodore Simon. Nia ilikuwa kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi darasani ili wasaidiwe. Baadaye watu wakaugeuza ukawa mlango wa kufungia wengine nje. Uingereza, baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1944, watoto wa miaka 11 walichujwa kwa mitihani yenye maswali kama haya, na wazazi wenye uwezo wakawatafutia watoto wao walimu wa pembeni. India nako, anayetaka kazi ya benki au ya serikali hukutana na maswali ya herufi na ya "wote" na "baadhi", na ndiyo maana kitabu kinene cha R. S. Aggarwal kinajulikana sana huko. Nakala moja iliyochakaa imefika mpaka darasani kwetu, kurasa za mwanzo hazipo, nasi tunaazimana kwa zamu. Kitabu kizuri, sikatai. Lakini nimeona wenzangu wakikariri majibu yake kama watu wanaokariri namba za simu. Ukibadilisha herufi moja tu, wamepotea.

Wanakariri kwa sababu wanadhani ni uganga wa kigeni. Nami nasema si uganga, wala si wa kigeni.

Hebu tuanze na herufi. Sisi watu wa pwani tuna kinyume. Silabi ya mwisho ya neno huchukuliwa ikawekwa mwanzo: kitabu huwa bukita, samaki huwa kisama, Mombasa huwa Samomba. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu kule Unguja, alitia mifano ya kinyume katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870, kwa hivyo mchezo huu si wa jana. Bibi yangu, ambaye hakupata kukaa kwenye dawati la skuli, husema kinyume kwa kasi ambayo mimi siiwezi. Wageni wakija kwa ghafla, yeye na dadake huangaliana tu, kisha mmoja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Icha shihaito." Wageni hutabasamu wakidhani labda ni lugha ya mbali. Kumbe wameambiwa chai haitoshi!

Sasa mchukue mtungaji wa maswali umwulize: Ikiwa KITABU ni BUKITA, SAMAKI ni nini? Hilo ni swali la mtihani wa fikra, tena halina kasoro. Mwanamke mzee wa Kibokoni hulijibu kabla hujamaliza kuuliza. Tofauti ni kuwa yeye hufuata silabi na mtihani hufuata herufi, na hiyo ndiyo tofauti tunayotakiwa kuizoea. Sisi tulifundishwa kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu. Masikio yetu hukata neno kwa silabi, na tunapoambiwa tulikate herufi moja moja mkono husitasita.

Dawa yake ni ndogo. Shika kwa kichwa herufi tano tu, E, J, O, T na Y, ambazo nafasi zake ni 5, 10, 15, 20 na 25. Ukizijua hizo huhitaji kuhesabu tangu A kila mara. Ukiulizwa R ni ya ngapi, T ni 20, rudi nyuma mbili, ni 18. Na pale wanapogeuza alfabeti juu chini, A ikawa Z na B ikawa Y, kumbuka kwamba nafasi za herufi mbili zinazobadilishana zikijumlishwa lazima zifike 27. M ni ya 13, kwa hivyo mwenzake ni wa 14, ambaye ni N. Hivyo MOMBASA huwa NLNYZHZ, jina ambalo hata makanga hawezi kulitangaza. Habari ya kugeuza herufi kuwa tarakimu pia tunayo nyumbani. Ile 786 unayoiona kwenye magari na kwenye vipande vya karatasi madukani ni jumla ya thamani za herufi za Bismillahi kwa hesabu ya abjadi, ambapo alifu ni 1 na be ni 2. Kila siku tunapita mbele ya fumbo la herufi tukienda kununua mahamri.

Tena Kiswahili kina jambo moja ambalo vitabu hivyo havina habari nalo. Maneno yetu huishia irabu. Majina ya watu kama Rajab yasikudanganye, nazungumzia maneno ya kawaida. Sasa angalia fumbo hili: UCOCMK. Kila herufi imesogezwa hatua zile zile, lakini hatua ngapi hatuambiwi. Mwenye kubahatisha atajaribu njia 25. Sisi twajua K ya mwisho lazima iwe a, e, i, o au u, kwa hivyo zimebaki njia tano tu. Ukiifanya e utapata OWIWGE, ambalo si neno hata kwa mlevi. Ukiifanya i, herufi zote zinarudi nyuma hatua mbili na fumbo linasema SAMAKI. Al-Kindi, mwanachuoni wa Baghdad katika karne ya 9, aliandika risala juu ya kufichua maandishi ya siri kwa kuhesabu ni herufi gani hujitokeza sana. Mtu huyo angekifurahia sana Kiswahili, maana herufi a tunaitupa kila mahali kama nazi kwenye mchuzi.

Hayo ya herufi ni rahisi. Matata yako kwenye "wote" na "baadhi", na hapa ndipo nilipokusudia kufika.

Siku moja nilimwuliza Bibi swali hili: "Wavuvi wote wa Mombasa wanajua kuogelea. Bakari hajui kuogelea. Je, Bakari ni mvuvi wa Mombasa?"

Bibi akaacha kukuna nazi. "Bakari yupi huyo?"

"Bakari yeyote tu, Bibi."

"Hakuna Bakari yeyote, mke mwenzangu. Yuko Bakari wa Kuze na yuko Bakari wa Mkanyageni. Mwana wa nani? Na hao wavuvi wote wajua kuogelea, n'nani aliyekwambia? Mimi nimewajua wavuvi waliozeeka baharini na kuogelea hawajui."

Kwa mtihani, Bibi amepata sifuri. Jibu lililotakiwa ni "La, Bakari si mvuvi wa Mombasa." Lakini mimi nakuuliza wewe msomaji, aliyekataa kumhukumu mtu asiyemjua kwa kutegemea habari ambayo yeye mwenyewe anajua si kweli, huyo ni mjinga?

Si Bibi peke yake. Mwaka 1931 na 1932 mtaalamu mmoja Mrusi, Alexander Luria, alikwenda kwa wakulima wa Uzbekistan. Akawaambia kwamba kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe, na mahali fulani pako huko kaskazini ya mbali. Je, dubu wa hapo wana rangi gani? Mmoja akamjibu kwamba yeye amepata kumwona dubu mweusi, wengine hajawaona, na kila mahali pana wanyama wake. Huko Liberia nako, mkulima wa Kikpelle aliulizwa habari za bwana mmoja wa kubuni, naye akasema kwamba mtu usiyemjua ni taabu kumjibia maswali yake. Yaani ni Bibi yangu mtupu! Watafiti hao waligundua pia kwamba waliokaa darasani hata miaka michache walijibu vile mtihani unavyotaka. Basi miaka michache ya dawati haiwezi kumpa mtu ubongo mpya. Inachompa ni kanuni ya mchezo: chukua maneno uliyopewa kana kwamba ni kweli, usiongeze lako, usipunguze.

Kanuni hiyo ikishaelezwa haina ugumu. Tatizo ni kuwa haielezwi. Wanaoijua wanadhani kila mtu amezaliwa nayo, na wasioijua wanaambiwa hawana akili.

Tazama mtego huu. Mashua zote ni vyombo. Baadhi ya vyombo vina injini. Je, ni lazima baadhi ya mashua ziwe na injini? Nilipouliza darasani, karibu wote walipiga kelele "Ndiyo!" Bila shaka, kwa sababu wamesimama pale Bandari ya Kale wakaziona mashua zenye injini kwa macho yao. Lakini maneno yenyewe hayajasema hivyo. Huenda vyombo vyenye injini vilivyokusudiwa ni meli peke yake. Chora duara ndogo ya mashua ndani ya duara kubwa ya vyombo, kisha duara ya vitu vyenye injini uitie kwenye ukingo wa ile kubwa bila ya kuigusa ile ndogo. Imekubali? Basi jibu ni "si lazima". Michoro hii ya duara ilienezwa na Leonhard Euler katika barua alizomwandikia binti wa kifalme wa Ujerumani, zikachapishwa kuanzia 1768. Kwa kidole mchangani inachorwa vile vile.

Sasa nije kwenye hoja yangu kubwa. Watu husema Kiswahili hakifai kwa mambo ya mantiki. Ajabu, na hata hilo neno mantiki tunalo, limetufikia kutoka kwa Waarabu walioisoma elimu ya Aristotle wakaiendeleza! Mimi naona Kiswahili kina zana ambazo Kiingereza cha kwenye mtihani hakina. Chukua kosa ambalo ni mashuhuri kuliko yote: Madaktari wote wamesoma. Juma amesoma. Kwa hivyo Juma ni daktari. Wengi hukubali haraka haraka. Sasa tia neno "ndio". Sema "Madaktari ni watu waliosoma", kisha useme "Watu waliosoma ndio madaktari". Umesikia tofauti? Hata mtoto wa chekechea atakwambia hiyo ya pili si kweli, kwani mwalimu je? Ile "ni" hufungua mlango upande mmoja. "Ndio" inasema ni hao hao, hakuna wengine. Kila ukiliona swali la "wote", jaribu kuligeuza kwa "ndio". Maana ikivunjika, usikubali kurudi kinyumenyume.

Na "si wote" je? Ukisema "Maduka yote ya Marikiti hayajafunguliwa", umesema hakuna hata moja lililo wazi. Ukisema "Si maduka yote ya Marikiti yaliyofunguliwa", huenda unalolitaka liko wazi, twende tukaangalie. Tunalijua hili vizuri sana tunapotumwa kitunguu, kisha tukiingia kwenye mtihani tunalisahau. "Baadhi" nayo ina hila yake. Mtaani nikikwambia baadhi ya milango ya Ndia Kuu imechongwa, utaelewa kuwa mingine haikuchongwa. Kwenye mtihani "baadhi" ni angalau mmoja, na huenda ikawa ni yote. Hapo Kiswahili cha mtaani hakitusaidii, lazima tuambiwe. Nusu saa ya maelezo inatosha.

Kuna wenzangu watakaosema kwamba mitihani yenyewe huja kwa Kiingereza, kwa hivyo kujizoeza kwa Kiswahili ni kupoteza wakati. Nimewasikia. Lakini anayeyafanya kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza hupigana na maadui wawili kwa wakati mmoja, lugha na kanuni, na akishindwa hajui aliyemwangusha ni yupi. Mimi nasema tumalizane na kanuni kwanza, kwa lugha tunayoiota usiku. Maneno ya Kiingereza yanayotumika humo si mengi, hayafiki hata ishirini. Utayashika kwa wiki moja ukijua yanafanya kazi gani.

Wengine watasema chama hiki ni cha lugha na fasihi, si cha hesabu. Kwani chemshabongo ni nini? Si imo katika fasihi simulizi, tunaisoma kwa ajili ya karatasi ya tatu? Yule mtu mwenye chui, mbuzi na majani, anayetaka kuvuka na kimoja kimoja bila ya kimoja kumla mwenzake, sisi tumemhamishia Likoni tangu darasa la nne, na kila mwaka feri inamchelewesha. Kumvusha ni kufikiri hatua kwa hatua, hapana zaidi. Na Muyaka bin Haji wa Mvita hii yetu, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alisifika kwa mafumbo ambayo wenziwe walilazimika kuyafumbua ndipo wamjibu. Watu walikuwa wakipimana akili kwa Kiswahili kabla hajazaliwa huyo Binet.

Sisi wa kidato cha tatu mwaka huu wa 2026 tuna haja nalo zaidi kuliko wengine. Tulifanya KCPE ya mwisho mwaka 2023, na tukimaliza KCSE mwaka ujao mlango wa 8-4-4 unafungwa. Nyuma yetu hakuna kidato cha kwanza wala cha pili, wapo wadogo zetu wa Gredi ya 10 walioingia Januari na mtaala wao. Huo mtaala unataja waziwazi kufikiri kwa kina na kutatua matatizo. Wetu haukutupa kipindi cha namna hiyo. Sisi wa shule ya kutwa tukitoka saa kumi kila mtu yuko mbioni, huyu yuwaenda madrasa, huyu dukani kwa babake. Pesa za masomo ya kulipia hazipo. Lakini Alhamisi ya chama ipo, na ubao upo.

Ninachopendekeza ni nusu saa ya kila mkutano wa pili. Kila mwanachama aje na fumbo moja alilolitunga mwenyewe kwa Kiswahili, la herufi au la "wote" na "baadhi". Asilinakili kitabuni, kwa sababu anayetunga mtego ndiye anayejua ulipofungwa. Waje na wa Gredi ya 10. Waje na wale wanaosema hawajui hesabu, maana humu hesabu ni kujumlisha hadi 27 tu. Mtoto wa ami amekwisha niahidi kwamba atakuja siku moja kutueleza yale maswali yalivyokuwa, anayakumbuka yote, na mpaka leo anagombana nayo.

Mimi langu la kuanzia ni hili. Herufi zote zimesogezwa mbele hatua zile zile, na idadi ya hatua siisemi. Angalia mwisho wa kila neno:

RNSS RE OEPEQY